Jina Lililokuwa Nyuma ya Rafu

Mwaka ule Gazeti la Serikali, lile la matangazo rasmi, liliacha kuja kwa bahasha. Ijumaa hadi Ijumaa nililingoja kwenye meza yangu ya maktaba, Kibaha, kisha nikazoea kulifungua kwenye tovuti. Matoleo ya zamani tuliyafunga kwa kamba ya katani, tukayarundika chumba cha nyuma ya rafu, yangoje kuondolewa ili kompyuta zipate nafasi.

Asubuhi moja yenye manyunyu aliingia mama mmoja mtu mzima, khanga imelowa mabegani. Alikuwa ametoka Kisarawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Namtafuta mume wangu."

Mumewe alikuwa ameshafariki. Alikuwa shehe wa kijijini, na maisha yake yote alisema kwamba serikali ilipompa ruhusa ya kufungisha ndoa, jina lake lilitangazwa kwenye Gazeti. Watu walimcheka. Yeye mwenyewe nakala hakuwahi kuiona.

Nikaandika jina kwenye kompyuta. Halikutokea. Nikabadilisha herufi, nikajaribu tena.

"Humu hayupo, mama."

Akanitazama kwa upole. "Hayupo humo, au hayupo kabisa?"

 Nikachukua ufunguo wa chumba cha nyuma.

Mwaka hakuukumbuka. Alikumbuka kwamba alikuwa akimnyonyesha mtoto wa tatu, na kwamba mvua ziliozesha korosho zikiwa bado chini ya miti. Kwa kuhesabu umri wa mtoto huyo tukaanza kufungua mafurushi. Mvua ilizidi, ikafunika kelele zote za Barabara ya Morogoro. Karatasi zilikuwa laini kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Nilisoma majina kwa sauti ya chini: mahakimu, walimu, watu waliopoteza hati za viwanja, na kila jina lilionekana kupumua kidogo kabla sijafunua ukurasa. Yule mama alisinzia, akaamka, akasema, "Endelea, nasikia." Sijui tulikaa muda gani. Jioni akaenda kulala kwa binti yake, Visiga, na kesho yake akarudi.

Tulimpata siku hiyo ya pili, kabla ya adhuhuri. Mstari mmoja tu: jina, kijiji, wilaya.

"Soma."

Nikasoma.

"Rudia, mwanangu."

Nikarudia mara tatu. Hakulia. Aliweka kidole juu ya mstari, akakaa hivyo, midomo ikicheza bila sauti, kama mtu anayezungumza na aliye chumba cha pili.

Nikauskani ukurasa, nikamtolea nakala. Aliikunja ndani ya khanga, akaniombea dua, akaondoka.

Alasiri ile nilikwenda kwa mkuu wangu, nikamwomba mafurushi yasiondolewe kabla sijayaskani yote.

"Yote? Utamaliza lini?" akauliza.

"Sijui."

Akacheka, lakini akakubali.

Sasa kila alasiri, wasomaji wakipungua, naweka ukurasa mmoja baada ya mwingine kwenye mashine. Mwanga wake unapita chini ya vidole vyangu taratibu, nami nasahau niko wapi. Habari zimeenea, na watu hupiga simu kutoka Mbwawa, kutoka Pangani, wakiuliza juu ya baba zao, na wengine nimewapatia. Wiki iliyopita nilifika kwenye toleo lililoliwa na mchwa, majina yamebaki nusunusu. Nikaliskani vilevile, pamoja na matundu yake.