Maji ya Kupozea Uji

Mimi ni mtu wa kuuliza. Mama yangu mzazi, kule Lulindi nilikozaliwa, alisema siku nikifa nitamuuliza Mungu maswali mpaka achoke anirudishe. Basi nilipoambiwa nina saratani ya titi, na kwamba baada ya kufanyiwa upasuaji nitatundikiwa dripu za kemo mara sita, kila baada ya wiki tatu, nilimtolea nesi daftari. Nile nini? Ninywe nini? Kachumbari ina kosa gani?

"Mama, wewe ni mwalimu," nesi akasema huku akicheka.

Nikamwambia ndiyo, tena wa sayansi, shule ya msingi, huko Mkunya nilikoolewa.

Alinieleza vizuri. Dawa ile inaua ugonjwa lakini haichagui sana, inazipiga pia chembe nyeupe za damu zinazopambana na vijidudu, na hapo kinga inashuka. Kijidudu ambacho mwenzangu angekimeza asijue, mimi kingeweza kunilaza. Kwa hiyo maji yachemke kabisa, matunda yaoshwe kwa maji hayo hayo kisha yamenywe, nyama iive, kiporo marufuku. Na nikipata homa nisingoje kesho, niende hospitali saa ile ile. Niliandika yote na kuyapigia mstari.

Niliporuhusiwa baada ya upasuaji, nyumbani nikamsomea mama mkwe, maana ndiye angenipikia. Alisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye kinga kushuka.

"Si tutaongezea tu?" akasema.

Nilicheka hadi mshono ukauma. Huku juu Newala mito hatuna, kila nyumba hukinga mvua: maji hutoka batini, hupita mfereji, huingia kwenye kisima cha saruji kilichochimbwa uani. Ukimwambia mama mkwe kinga imeshuka, anafikiria kisima. Kile chake walikichimba wawili, yeye na marehemu mumewe, na hapendi mtu akiguse. "Maji haya yametoka kwa Mungu moja kwa moja," husema. "Hayajakanyagwa na mguu wa mtu." Lakini nilipomwomba achemshe hakubisha. Alichemsha sufuria kubwa kila asubuhi, akajaza ndoo yenye mfuniko na koki, na nilipokuwa nikienda kuhakikisha alinisonya kidogo tu.

Baada ya dripu ya pili vidonda vilinijaa mdomoni. Kila kitu kilikuwa na ladha ya msumari. Hata ming'oko, mizizi ya porini ambayo mimi huila popote nitakapoikuta, nilitafuna kipande kimoja nikakitema. Kilichopita ni uji mwepesi peke yake, nao ukiwa wa moto machozi yananitoka. Sikuwa nalia kwa huzuni, jamani. Ni maumivu tu.

Siku ya kumi homa ikanipanda mchana kweupe. Mume wangu akanishusha Masasi, hospitali, nikalazwa siku tano. Chembe nyeupe zilikuwa karibu zimekwisha. Daktari akasema dripu ya tatu itabidi isogezwe mbele, na akaniambia bila kuzunguka kwamba tukiahirisha tena na tena, saratani itapata nafasi ya kupumua.

"Unakunywa maji gani?" akauliza.

"Ya kuchemsha, daktari. Naapa."

Niliogopa. Nilikuwa na watoto wawili bado wanasoma, na niliogopa kufa. Na chini ya woga ule kulikuwa na swali linaloniwasha: homa imeingilia wapi?

Niliporudi nyumbani nikaanza upelelezi. Nilitandika mkeka karibu na mlango wa jiko, daftari mapajani, nikawa naangalia kila kitu. Vikombe vinaoshwa kwa maji gani? Kisu cha nyama kimekata nini baada ya hapo? Mboga imeachwa wazi muda gani? Mama mkwe akauliza kama siku hizi walimu wanakagua na majiko. Siku tatu sikupata kitu, nikaanza kujiona mjinga.

Siku ya nne alikuwa ananipikia uji. Ulichemka, ukatokota, akaumimina kwenye bakuli. Kisha akachukua kata, akatoka uani, akafunua kisima, akachota. Akamimina kwenye uji wangu, akakoroga, akachovya ncha ya kidole. Akaitikia kwa kichwa kwamba sasa umekuwa sawa.

"Mama! Unaniua!"

Mkwe hapigiwi kelele. Mimi nimelelewa, najua. Lakini nilipayuka mpaka jirani aliyekuwa anatwanga akasimamisha mchi.

Mama mkwe alibaki na kata mkononi. "Lakini uji umechemka," akasema polepole. "Na haya ni ya mvua." Akanitazama. "Ukinywa wa moto unalia. Mimi siwezi kukaa hapa nikutazame unalia."

Loo! Hasira yote iliniishia, nikabaki na aibu. Maana sikumwambia. Nilimwambia achemshe maji ya kunywa, na kwake yale hayakuwa ya kunywa, yalikuwa ya kupozea. Na mimi je? Kwetu Lulindi uji wa watoto ulipozwa hivyo hivyo. Wanangu wote wawili niliwapozea uji kwa kata ya maji mabichi, nikitoka hapo naenda darasani kuchora ubaoni sufuria ya maji yanayochemka na mvuke wake.

Kwenye kliniki nilimuuliza daktari kama ndiyo yale maji. Akasema hawezi kuapa. Homa ya namna ile huweza hata kuletwa na vijidudu vilivyomo mwilini mwa mgonjwa mwenyewe. Nilirudi na habari hiyo mbio mbio, nikimpelekea mama mkwe kama zawadi.

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa," akasema.

Tangu hapo bakuli langu alilifunika kwa mfuniko wake, akaliweka ndani ya beseni la maji baridi, akakaa kando yake akingoja. Uji ulichukua muda kupoa. Nilikunywa. Damu ilipopimwa tena, chembe zilikuwa zimepanda, nikatundikiwa dripu ya tatu. Nilishukuru Mungu kwa sauti, palepale kwenye kiti.

Wanawake wakaja kunijulia hali, wengine na mabibo, wengine na mbaazi. Na kila kundi lililoingia, baada ya shikamoo na marahaba, mama mkwe aliwaanza yeye.

"Mnamwona huyu? Mimi nilimtilia maji mabichi kwenye uji. Maji ya kisima changu, kwa mkono huu. Ikabaki kidogo tuzike."

Walikuwa wakitazama chini. Mwanamke wa huku hasemi kisima chake kimemuumiza mtu, hata kama ni kweli. Mara ya kwanza nilivumilia. Mara ya nne nilishindwa, nikangoja wageni waondoke.

"Mama, basi. Daktari hakusema ni wewe. Kwa nini unajianika hivi mbele za watu?"

Alikuwa anachambua mbaazi kwenye ungo, wala hakuinua kichwa.

"Mwalimu, hawa umewafundisha kuchemsha maji miaka mingapi?"

"Ishirini na mitatu."

"Wanachemsha?"

Nikachota mbaazi ungoni, nikaanza kuchambua naye.

"Yule wa nyumba ya tatu ana kichanga. Juzi alitoka hapa moja kwa moja akateleka sufuria ya maji, nimemwona kwa macho yangu. Sasa niache."