Kanda ya Kunguru Niliitupa Mimi, Nikamsingizia Mama

Nimekosa, jamani, na kosa lenyewe hata kulitaja ni aibu. Ndugu yangu wa tumbo moja halijui. Mwanangu halijui. Naandika hapa kwa sababu sura yangu hamuijui, na kifua kimejaa.

Mimi ni mama wa makamo, nakaa Ghubra, hapa Muscat. Asili yetu Unguja. Tulipohamia huku tulikuwa watoto wadogo, Kiarabu kinatupiga chenga, Kiingereza ndiyo kabisa. Baba, Mungu amrehemu, akatununulia kanda ya katuni iliyopendwa sana siku zile, ya binti wa mfalme na kunguru wake wa buluu. Tukawa tunaangalia midomo tu inavyokwenda. Akatuhurumia. Deki letu lilikuwa na tundu la maikrofoni, basi akajifungia sebuleni siku mbili, akafuta sauti za wenyewe akatia yake kwa Kiswahili. Binti yeye, malkia yeye, kunguru yeye!

Na baba alikuwa na mzaha. Kunguru akiingia jikoni kwa mfalme, anageuza shingo na kusema, "Zuhura, chai tayari?" Zuhura ndiye mama yetu (jina nimelibadilisha). Kwenye katuni yenyewe hakuna Zuhura wala chai! Mama kila akisikia hujibu kutoka alipo, "Tayari, njoo unywe!" na sisi tunavunjika mbavu.

Baba kafa miaka mingi. Mama sasa ana maradhi ya kusahau. Wajukuu anawachanganya, asubuhi na jioni anazichanganya, lakini ile kanda haikosei. Kila alasiri akishasali lazima iwekwe. Kunguru anauliza, mama anajibu, anacheka, na siku hiyo anakula vizuri. Yale ndiyo yalikuwa mazungumzo yake na mumewe, na mimi nikiyaona kelele. Nilichoka nayo! Sauti ya baba akibana pua kujifanya binti wa mfalme, nyumba nzima, kila siku ya Mungu.

Ikaja posa ya binti yangu. Wenzetu ni watu wa ndani ya Oman, Waarabu wa Nizwa, Kiswahili hawana hata neno. Na niseme ukweli, mimi ofisini miaka yote hii nasema Kiarabu tu, najichunga ulimi usiteleze. Nikawaza: wageni watakuja alasiri, wamekaa na kahawa na halwa, mama adai katuni yake, na mwanamume aanze kupiga mikelele ya Kiswahili kwenye televisheni. Watatuonaje?

Wiki ile ile simu yangu ilijaa matangazo. Ile katuni imetengenezwa upya, safari hii na watu wa kweli, inaingia sinema. Shetani akanipa hoja. Si ndiyo hiyo hiyo? Tena mpya, safi, haina mikwaruzo. Nitampeleka mama akaione, ya zamani ya nini?

Kuificha kungetosha. Makabati ninayo! Lakini nilikuwa na hasira nayo. Siku ya wageni, asubuhi, nikaitia ndani ya mfuko wa taka pamoja na maganda ya vitunguu, nikaenda mwenyewe kuutupa kwenye pipa la mtaani. Lori likapita kabla ya adhuhuri.

Wageni wakaja, wakala, posa ikakubaliwa. Habari ya Kiswahili wala hawakuiuliza. Mama kila alipoidai katuni yake nikamwambia deki bovu.

Ijumaa yake akaja kaka yangu, anayefanya kazi kiwandani Rusayl. Kapata fundi wa kuhamisha kanda za zamani ziingie kwenye simu.

"Nipe ile ya baba," akaniambia. "Isije ikaoza. Sauti yake nyengine hatuna."

Mama alikuwa pale pale, amekaa kwenye busati. Mdomo wangu ukasema, "Mama kaipoteza. Si unaijua hali yake, anaficha vitu."

Kaka si mtu wa kupaza sauti. Siku ile alipaza. "Mama! Umeiweka wapi? Hebu fikiri!"

Mama akanitazama mimi, akamtazama yeye, akaanza kulia. "Nisameheni wanangu. Nnajaribu, wallahi, sikumbuki nimeiweka wapi."

Nikanyamaza. Jamani, nikanyamaza!

Tangu hapo akawa mtu wa kutafuta tu. Kwenye droo, chini ya magodoro, ndani ya ndoo ya mchele. Nikaona dawa ni ile sinema. Tukampeleka mimi na binti yangu, onyesho la mchana. Nilimwambia, "Mama, leo utamwona kunguru wako." Akavaa buibui lake la sikukuu, akajifukiza udi.

Kunguru wa sasa ni kunguru kweli, mweusi, kama hawa wa mtaani kwetu. Kompyuta imemtengeneza, unyoya mmoja mmoja unauona. Lakini hacheki, uso hana. Anasema Kiingereza, chini maandishi ya Kiarabu. Mama ametulia, mikono mapajani, anangoja. Kunguru akaingia jikoni, akageuza shingo. Mama akainuka kitini. "Tayari! Njoo unywe!"

Watu wakacheka. Kunguru akaendelea na Kiingereza chake. Mama akangoja kidogo, akakaa, akanishika mkono.

"Hanisemeshi," akasema. "Kanikasirikia. Nimempotezea kaseti yake."

Hapo ndipo ningesema! Na mnajua nilimwambia nini? "Shh, mama, watu wanatutazama."

Siku hizi hacheki. Anakula kwa kubembelezwa. Ukweli nimemwambia, mara tatu, nimemshika miguu. Mara zote tatu alilia kama ndiyo kwanza anasikia, akanambia, "Ushasamehewa, mwanangu," na baada ya dakika chache yumo kwenye droo tena, anatafuta. Nimeacha. Kumliza kila siku ili mimi nipumue ni dhulma nyengine. Kaka sina ubavu wa kumkabili. Nimeulizia kwa jamaa wote, wa hapa na wa Unguja, labda kuna aliyeinakili ile kanda. Hakuna.

Leo asubuhi mama kaniomba tena msamaha. Nikamwambia, "Nishakusamehe, mama." Mimi! Maana hiyo ndiyo kauli pekee inayomfanya akae chini.

Wewe mwenye mzazi anayesahau, nakuusia: usimtwike kosa lako ukidhani atalisahau na hilo. Mama jina langu limeshaanza kumtoka, ananiita kwa jina la shangazi yangu. Kosa langu analikumbuka kila siku.