Umenisalimia, Hujaniuliza

Mwanangu, ukinisikia nikiimba kanisani na sauti hii nyembamba kama ya mtoto wa darasa la saba, unaweza kucheka. Hata mimi hucheka. Lakini keti kidogo nikwambie ilikotoka, maana iko siku moja ambayo nikiikumbuka bado natabasamu peke yangu.

Miaka ile ya tisini nilikuwa kijana, nimetoka Machakos kuja kuchonga mawe hapa Kitengela. Jumapili nilikuwa besi wa kwaya, na nikishusha sauti, mabenchi yalitetemeka. Basi sauti ikaanza kukwaruza. Nikaenda kwa daktari mmoja aliyekuwa na kliniki hapa mjini. "Habari yako?" akaniuliza. "Mzuri, daktari," nikajibu, maana nililelewa na adabu. Kisha nikamwambia sauti inapotea. Akasema ni vumbi la mawe, akanipa dawa ya kikohozi. Nilirudi tena na tena karibu mwaka mzima, na kila mara ilikuwa habari, mzuri, vumbi, chupa nyingine. Hakuniambia hata nifungue mdomo.

Aliyeniokoa ni Koko, nyanya wa Kimaasai aliyetuletea maziwa. Asubuhi moja alinisalimia, "Supa," nami nikaitikia, "Ipa," vile wao huitikia. Hakwenda zake. Aliweka kibuyu chini, akangoja.

"Sasa leta habari," akasema. "Ipa ni mlango tu. Habari iko ndani."

Nikamweleza yote, hata ugali uliokataa kushuka na damu niliyoitema. Alinigombeza mpaka majirani wakatoka nje. "Huyo daktari anatibu mlango?" Wiki hiyo hiyo nikaenda hospitali kubwa Nairobi, wakamulika koo langu kwa taa. Ilikuwa kansa.

Niliogopa, sitakudanganya. Mke wangu alikuwa mjamzito, na nililia nikidhani mtoto hatawahi kusikia sauti ya babake. Lakini Mungu si Athumani. Nilitibiwa nikapona, ila besi haikurudi. Madaktari wa Nairobi wakasema ningefika mapema, koo halingeumia hivyo. Ndipo nikamshtaki yule daktari wa vumbi. Sikuwa na chuki naye. Nilitaka tu mtu mwenye mamlaka aseme kosa halikuwa langu.

Kule korti ya Kajiado wakili wake, kijana nadhifu, akanibana. "Kila ulipoulizwa habari, ulijibu nini?" Nikasema, "Mzuri." Akamgeukia hakimu. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu alificha mwenyewe." Nikakaa chini nimenyong'onyea, karibu nimwamini.

Kisha Koko akaitwa kutoa ushahidi. Wakili akaanza kwa heshima.

"Habari yako, nyanya?"

"Mzuri sana."

"Vizuri. Unamjua huyu mchonga mawe?"

"Mbona unaharakisha?" Koko akasema. "Goti inaniuma tangu mvua ya juzi, meno imebaki tatu, na jana fisi amekula mbuzi yangu."

Wakili akashangaa. "Lakini si umesema mzuri?"

"Umenisalimia," Koko akamjibu. "Hujaniuliza."

Korti nzima iliangua kicheko. Hakimu aliweka kalamu chini akafuta macho, na daktari mwenyewe akainamisha kichwa akitabasamu. Siku ya hukumu hakimu alinipa ushindi, akasema mgonjwa halaumiwi kwa adabu yake, kuuliza na kuangalia ni kazi ya daktari. Kwaya ilinipokea nje kwa nyimbo, wakanihamishia kwa watu wa teno siku hiyo hiyo. Furaha ile sijui niielezeje. Miaka baadaye mke wangu alimpeleka binti yetu kwa daktari yuleyule, na aliporudi akaniambia siku hizi daktari huyo anauliza mara mbili.

Basi mwanangu, salamu itikia, uungwana ni vitendo. Lakini ukiketi mbele ya daktari, usiishie mlangoni. Sema panapouma na tangu lini, hata lile la aibu, maana mficha uchi hazai. Asipokuangalia, mwombe akuangalie, na akikataa nenda kwa mwingine. Ukikosewa, dai haki yako bila matusi.

Mungu akupe koo lenye afya na mtu kama Koko, wa kuweka kibuyu chini akakungoja. Na wewe, ulipoingia hapa nilikusalimia, ukasema mzuri. Sasa nakuuliza.