Sukari ya mwenye mtoto

Jamani, sukari imefika Kasulu, na leo mimi nimepewa kabla ya wote.

Nilikuwa katikati ya foleni, nimesimama wima kabisa. Ndivyo nilivyodhani.

Mzee Saidi mwenye duka akanyoosha shingo. "Mpisheni yule mama, ana mtoto mgongoni."

Wakanipisha. Nikapita mbele.

Waliobaki nyuma wakauona mgongo wangu. 

Mtoto hayupo. Tulimzika kabla ya masika.

Ndipo nikajiona: nimeinamia mbele, mkono mmoja nyuma, pale alipokuwa anakalia.

Mzee akapima sukari bila kuniangalia. Nikasema asante.

Nyumbani nimejaribu kujinyoosha. Nahisi kama naanguka chali.

Nyie mnaoniona kila siku, nimesimama hivi tangu lini?