Harusi Isiyofukizwa

Daktari wa Msambweni alinipa masharti mawili kuhusu kifua cha binti yangu. Moshi marufuku. Dawa za chupani zenye harufu kali, za sakafu na za choo, marufuku. Nilitoka pale na mtoto mgongoni na hasira kooni, maana nilijua ninakorudi.

Ninakaa kwa mavyaa, mamake mume wangu, na Jumamosi ile wifi yangu alikuwa anaolewa. Mavyaa ndiye mpishi wa udi wa mtaa mzima. Anaupika mwenyewe kwa sukari na sandali, na watu wanatoka Ukunda kuja kuuomba. Mwanamke kama huyo kumwambia amwoze binti yake bila chetezo cha kufukizia udi ni kumwambia atoke nje kichwa wazi.

Nikamwambia mlangoni, kabla sijavua viatu. "Mama, udi hakuna. Ukichoma udi, mimi ninamchukua mwanangu ninakwenda kwetu."

"Marahaba," akanijibu. "Shikamoo umeiacha hospitali?"

Akaendelea kuchambua mchele. Nilisimama nikingoja vita. Mtoto alikuwa akipumua kwa mluzi, na mluzi ule ulisikika chumba kizima. Mavyaa akaweka ungo chini.

"Nyumba ya harusi ikinuka ukungu watatucheka," akasema. "Kwa hivyo haitanuka. Lete ndoo."

Basi tukaanza. Kuta zetu huota ukungu kila masika, na masika yalikuwa yamekwisha juzi tu. Alizipangusa kwa siki na maji ya ndimu, tambara baada ya tambara, bila kupumzika. Magodoro yalitolewa juani. Mikeka ikaoshwa kwa maji ya chumvi. Masinia ya shaba akayapaka ukwaju, akayaacha kidogo, akayasuuza, nikauona humo uso wangu uliokunjamana. Choo alinipa mimi, na magadi, na siki, na burashi. Nilikuwa nimejiandaa kugombana na mtu na mtu hakugombana nami, kwa hivyo hasira yote niliimalizia kwenye choo kile. Hakijawahi kung'aa vile.

Si kwamba alijua kila kitu. Sakafu aliisugua kwa chicha la nazi ili ing'are, na ikang'aa kweli. Kufika alasiri sisimizi walikuwa wamepanga foleni kutoka mlangoni hadi kwenye kitanda cha bibi harusi. "Yarabi, wageni wamewahi!" akapiga kelele, akacheka mpaka akakaa chini. Tukapiga deki upya kwa siki.

Lakini lililonifunga mdomo ni manukato. Kila harufu ilipitia kwanza kwa mwanangu. Mavyaa alimpakata, akamsogezea ua au jani, akangoja, kisha akamlaza kifudifudi mapajani na kumwekea sikio mgongoni. Hakuna aliyeruhusiwa kusema neno. Mchaichai ulipita. Rehani ilipita. Asumini zilipita, kwa sharti zisijazane. Karafuu zilizochemshwa na maganda ya ndimu, mtoto akafikicha macho, sufuria ikatolewa uani. Langilangi ndilo ua analolipenda mavyaa tangu akiwa mwali. Mtoto akapiga chafya, akaanza kukohoa. Mavyaa akasikiliza mgongo ule kwa muda mrefu, kisha akainuka na kulitupa dirishani tawi zima.

"Hilo limeshindwa," akasema.

Nguo za bibi harusi zikalazwa sandukuni katikati ya rehani na asumini, na maua yakabadilishwa kila asubuhi hadi Jumamosi.

Jumamosi ikafika, na shangazi wa mume wangu akafika nayo kutoka Shimoni, na kundi la wanawake nyuma yake wakipiga vigelegele. Mkononi alikuwa na chetezo kinachofuka. Mavyaa akasimama mlangoni.

"Karibu, wifi. Chetezo kiache uani."

"Nyumba ya harusi gani hii haina moshi? Siki na ndimu tupu! Mnaoza au mnauza achari?"

"Achari imekwisha. Pilau ipo. Karibu."

"Kaka yangu angekuwa hai angeyaona haya! Binti yake anatoka kama anatoroshwa!"

"Kaka yako angekuwa hai angempakata mjukuu wake. Mtoto ana kifua, wifi. Moshi haumfai."

"Kwa mtoto mmoja tu mila ivunjwe?"

"Huo udi unaonifukizia nimekupikia mimi, Idi iliyopita. Ukiwa na hamu nao, kaunuse kule kwenye minazi."

Nilifungua mdomo nimpashe shangazi. Mavyaa akanisukuma nyuma kwa kiwiko bila hata kunitazama. Shangazi akageuka, akakaa uani na nusu ya wanawake wake, na pilau wakapelekewa huko huko. Ndani, bibi harusi alipotoka, mama mmoja mtu mzima alimnusa begani, akamnusa tena. Mwanangu alilala katikati ya ngoma na vigelegele, mdomo wazi, bila mluzi.

Shangazi hajakanyaga kwetu tangu siku ile. Salamu zake zinamfikia mume wangu peke yake, na huko Shimoni tunaitwa watu wa harusi kavu. Ingekuwa mimi, ningekwenda kujibu. Mavyaa hajibu. Linamuuma, ninajua, maana yeye na yule wifi yake walikuwa wakisukana nywele tangu ujana.

Juzi nilimwuliza kama anajuta. Alikuwa akikamulia ndimu kwenye ndoo, na mtoto ameshika pindo la leso yake akijaribu kusimama.

"Aolewe huyu siku yake, nawe uone," akasema. "Akipona kifua, nitafukiza mpaka huko Vanga wapige chafya."