Mtoto Asiyeandikwa Kwenye Fomu

Mwaka wangu wa mwisho wa shahada ya pili, huko ughaibuni, nilifanya utafiti juu ya wanafunzi wa kigeni waliosomeshwa na serikali ya nchi ile: je, wanaridhika na ufadhili wanaopewa? Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao, binti wa mfugaji wa Mhunze. Niligawa dodoso bwenini, mlango kwa mlango.

Mtanzania mwenzangu kwenye jengo letu alikuwa mmoja tu, msichana wa Kahama aliyesomea uhandisi wa migodi. Kila Jumapili tulisonga ugali na kuongea Kisukuma kwa sauti, mpaka majirani wakadhani tunagombana. Dodoso langu alilijaza jikoni, amesimama, sufuria ikichemka. Chumba, posho, walimu: kote akaweka vema penye "nimeridhika sana".

"Hata likizo?" nikamuuliza. Ufadhili ule ulitoa tiketi mbili tu, ya kwenda na ya kurudi ukishamaliza.

"Hata likizo."

Halafu akazima jiko, akakaa sakafuni.

"Dada, mimi nina mtoto. Kwenye fomu ya maombi niliandika sina. Niliogopa wataniacha. Nilimwachia mama yangu akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili, bado ananyonya."

Akanisimulia kwamba wiki ya kwanza alikuwa akikamulia maziwa yake kwenye sinki la bafuni, maji ameyafungulia ili mwenzake wa chumba asisikie kilio.

Nikamsogezea karatasi abadilishe majibu. Akakataa. "Acha hivyo hivyo. Walichoniahidi wamenipa chote. Mimi ndiye niliyedanganya."

Nikaacha hivyo hivyo. Msimamizi wangu alifurahi kuona wengi wameridhika. Sikumwambia kitu, na jambo hilo bado linanisumbua.

Nilirudi nyumbani mwaka mmoja kabla yake. Alinipa koti jekundu nimpelekee mtoto, alilonunua kwa kukisia. Nilimkuta mama wa mwenzangu mtaa wa Nyasubi, Kahama, akipeta mchele mbele ya nyumba. Mtoto, ambaye sasa alikuwa na miaka minne, alijibanza nyuma ya kanga ya bibi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Vipi huko, anakula?"

"Anakula, mama. Hajambo."

Nikapiga simu ya video, nikamkabidhi mtoto. Mama yake akatokea kwenye kioo, tayari anatabasamu.

"Shikamoo dada," mtoto akasema. Kisha akamgeukia bibi yake. "Mayu, nimeshamsalimia. Nikacheze?"

Mayu, yaani mama. Kwenye simu lile tabasamu halikuondoka. Koti lenyewe halikupita mabegani.

"Nilijaribu kumfundisha kwamba mama yake ni yule," bibi akaniambia baadaye. "Akawa analia. Anadhani namfukuza."

Mwenzangu aliporudi alipata kazi kwenye kampuni ya uchimbaji, akapanga nyumba mtaa wa Nyahanga, huko huko Kahama, yenye chumba cha mtoto. Akamchukua. Siku tatu mtoto hakula. Siku ya nne akampeleka Nyasubi mwenyewe, kisha akanipigia simu.

"Nimemrudisha."

Nikamuuliza mtoto alisemaje.

"Ameniaga vizuri, dada. Kwa adabu kabisa, kama anaaga mgeni."

Tangu hapo huenda kila Jumamosi. Wiki iliyopita nilifuatana naye. Alimketisha mtoto kwenye mkeka, akamkata kucha, kidole kimoja kimoja, polepole kuliko ilivyohitajika. Alipomaliza za mikono akaomba na za miguu. Mtoto akamnyooshea mguu, macho yake yakimfuata bibi aliyekuwa anaingia ndani.