Mnyoo Niliyemshonea Mdomo

Nimeshona sare za shule, kanzu, majoho ya kwaya, hata suruali ya mtu wa mguu mmoja, na hiyo ni ngumu kuliko unavyodhani, maana ule upande mtupu nao unataka kukunjwa kwa heshima. Lakini kazi ninayoikumbuka kuliko zote ni ya mnyoo.

Aliyeileta ni binti wa kwetu Tanga, anasoma chuo kikuu huku ugenini, pale Braamfontein. Alinifuata mtaani kwangu Malvern, kwenye chumba ninachotumia pamoja na mama mmoja msusi, Mkongo wa Lubumbashi. Akasema shikamoo babu, akanipa picha: mrija mweupe, alisema ni mrefu kunizidi, na juu yake kitu chekundu kama unyoya.

"Huyu anaishi chini kabisa ya bahari, babu, pale ardhi ilipopasuka na maji ya moto yanafoka meusi kama moshi. Nishonee wa kimo chake hasa. Jumamosi watoto wa shule wanakuja chuoni, nawaeleza habari zake, na mwalimu ananipa maksi hapo hapo. Nikikosea, narudia somo zima."

Msusi akachungulia. "Papa, hii njo nini? Unashonea nyoka kanzu?"

"Mwache mteja wangu, mama."

Nikakata turubai jeupe la mrija, na satini nyekundu ya unyoya. Shule niliiacha darasa la nne, lakini kitu nikikishona nakitazama. Mnyoo hana mdomo. Nikageuza picha, bado hana. Nikajua binti kasahau, na maksi zitamponyoka. Basi nikamtia mdomo pale kwenye satini, wa uzi mweusi, mshono wa kurudia mara mbili. Kusema kweli niliupenda.

Ijumaa mchana binti akaja kuchukua. Alipouona ule mdomo akakaa bila kukaribishwa.

"Babu, huyu hana mdomo."

"Anao. Nimemtia mimi."

"Hana! Hana mdomo, hana tumbo, hana utumbo."

"Sasa anakula nini, hewa?"

Ndipo akanieleza. Maji yanapotokea kwenye ule ufa yana moto zaidi ya mara tatu ya maji ya chai, ila hayachemki kwa jinsi bahari ilivyoyalemea. Mnyoo anakaa kando, panapopoa. Yale maji yana gesi inayonuka kama yai viza, sumu kwetu sisi. Yeye anaivuta kwa ule unyoya, mwekundu kwa sababu ya damu, anawapelekea vijidudu wasioonekana kwa macho, waliomjaa mwilini. Wao ndio wanaoipika ikawa chakula, chao na chake. Jua huko halifiki, wala yeye halimhangaishi.

Nimezaliwa hatua chache kutoka baharini, nimekula pweza na uduvi wake miaka yote ile, nikidhani naijua. Kumbe huko chini kuna watu, nawaita watu mnisamehe, wanaoishi kwa sumu na giza, na wamenawiri namna ile!

Nikaufumua mdomo. Lakini satini ukiitoboa imetoboka. Safu mbili za matundu zikabaki, na kitambaa kingine cha rangi ile sina. Binti akaanza kulengwa na machozi.

"Eish, papa, umeharibia mutoto kazi yake!" Msusi akavuta droo, akatoa rasta nyekundu, zile nywele za bandia za kusukia. "Leta sindano."

Tukashona watatu, msokoto mmoja mmoja, mpaka matundu yakafunikwa. Ukimpuliza, unyoya unatikisika. Binti akasema hata kwenye maji unatikisika hivyo.

Jumamosi nami nikaenda. Binti alieleza vizuri, watoto wakamsogelea. Kisha mwalimu wake akamzunguka mnyoo, akapenyeza vidole kwenye rasta kama mtu anayetafuta chawa, akayaona matundu. Akauliza ni ya nini. Binti akainama.

Ningeweza kukaa kimya. Nikasimama. "Ni mimi. Nilimtia mdomo, nilimhurumia." Binti akatafsiri.

Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. Akawaambia watoto kwamba hata wataalamu wa mwanzo waliomwona walimtafuta mdomo, wakampasua, wakakosa. Akawaita waje mmoja mmoja waguse matundu ya babu.

Maksi binti akapata, nzuri tu. Mnyoo yupo chuoni, kwenye kabati la kioo, rasta zimesukumwa upande mmoja ili matundu yaonekane. Msusi nilipompeleka kumwona alinuna njia nzima ya kurudi. Anasema wamemchana nywele vibaya.